Bustani ya Kiangazi Huandaliwa Mvua Ingali Inanyesha

Ulaya, mwenye bustani huanza hekaheka zake mwezi wa Septemba. Anajua baridi iko njiani, hivyo huvuna vilivyobaki, hufunika udongo kwa majani makavu, huhifadhi viazi na karoti, kisha hungoja. Mchana wa Desemba mjini London haufiki saa 8, ilhali ule wa Juni hupita saa 16. Mmea uliokosa joto na mwanga hulala, na mtu hana la kufanya ila kusubiri majira yageuke.

Niemba, magharibi mwa Kalemie katika jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Kongo, mambo si hayo. Hapa tuko yapata digrii 6 kusini mwa ikweta, na tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haifiki saa nzima. Usiku wa Juni na Julai huwa na ubaridi kidogo, lakini si ubaridi wa kuzuia lengalenga kuota. Hata hivyo bustani nyingi za Niemba hufungwa kila mwaka kana kwamba theluji imeanguka. Mvua hukatika katikati ya Mei, udongo hukauka, uzio huvunjwa kuwa kuni, mbuzi huingia, na mama wa nyumba hurudi kununua mboga kwa franka ambazo hana. Bustani haifufuki hadi Oktoba.

Je, kufungwa huko ni lazima? Si lazima, ila jambo moja lieleweke kwanza: bustani ya kiangazi haiokolewi Julai kwa kubeba maji mengi zaidi. Huandaliwa kati ya Machi na Mei, udongo ungali na unyevu, kwa kupunguza kiu yake mapema na kuipima kulingana na maji na mikono iliyopo. Anayeanza kuhangaika jua likishawaka amechelewa, na chelewachelewa utakuta mwana si wako.

Kinachotokea mvua ikikatika

Wakulima wa mashariki mwa Kongo huugawa mwaka katika misimu mitatu. Msimu A huanza na mvua za Septemba na Oktoba, msimu B hufuata kuanzia Februari, na msimu C ni wa kiangazi, kwenye mabonde yenye unyevu na kandokando ya mito. Misimu miwili ya kwanza ndiyo inayobeba mahindi, mihogo, karanga na maharage. Msimu C ni wa mboga, na mara nyingi hauhesabiwi kabisa mipango inapopangwa.

Kwa chakula cha nyumbani, kiangazi huleta hali inayopotosha. Ghala huwa na mahindi mapya na muhogo ungali ardhini, kwa hiyo bukari halikosekani. Kinachopungua ni cha kulia bukari hilo. Mihogo hupukutisha majani, na sombe linalobaki huwa gumu na haba. Matembele hukauka, majani ya maboga hufa, na mboga za porini hutoweka. Mtoto anaweza kushiba kila siku ya Julai na bado akakosa vitamini A, vitamini C na madini ya chuma. Tumbo lililojaa huficha njaa hiyo, ndiyo maana wengi hawaioni kuwa njaa.

Sababu ya pili ya mboga kukosekana kiangazi ni usafiri. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie, iliyoitwa Albertville enzi za ukoloni, mwaka 1915, na Niemba ikawa kituo kwenye njia hiyo. Reli hiyo imechakaa na treni hazitegemeki, nazo barabara hudai gharama. Nyanya au kitunguu kinachosafirishwa kutoka mbali hufika kikiwa ghali na kimeshachoka. Mboga ya majani haisafiri kabisa. Mahali kama Niemba, mboga mbichi ya kiangazi lazima ilimwe papo hapo, la sivyo haitaliwa.

Hesabu ya bidoni

Mazungumzo mengi kuhusu bustani huanzia kwenye ardhi: nina kiwanja kikubwa, nitalima kiasi gani? Kiangazi swali hilo hugeuka. Kipimo ni bidoni, yaani dumu la maji la lita 20.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Jua na upepo wa kiangazi katika eneo letu huweza kunyonya kutoka kwenye kitanda cha mboga yapata milimita 5 kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Kitanda cha mita 1 kwa mita 4 kinadai lita 20, na hiyo ni bidoni nzima, kila siku, kwa miezi minne. Vitanda viwili ni bidoni mbili, vitano ni tano. Bidoni moja ikijaa ina uzito wa kilo 20, na kwa kawaida hubebwa na mama au binti kichwani baada ya kuwa ameshabeba maji ya kunywa, kupika, kuoga na kufua.

Hapo ndipo bustani nyingi hufia. Familia huandaa vitanda vinane mwezi wa Mei, hali ya hewa ikiwa bado na huruma. Juni hutiwa maji ya kutosha, Julai hutiwa nusu, na Agosti vyote vinane huwa vimekufa kwa pamoja. Vitanda viwili vilivyonyweshwa vizuri vingelisha nyumba hadi mvua irudi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya maandalizi ni kupima bustani kwa maji yatakayopatikana siku ngumu kuliko zote, mwishoni mwa Agosti, visima vikiwa vimeshuka na kijito cha karibu kimekauka. Anayeweza kupata bidoni mbili za ziada siku hiyo alime mita 8 za mraba, au 10 ikiwa atafunika udongo wake vizuri. Asilime 30.

Nyumbani au bondeni?

Wapo watakaosema kwamba bustani ya nyumbani haina maana kiangazi, na kwamba kazi iende mabondeni. Hoja yao ina uzito. Mto Niemba huingia Lukuga, na Lukuga ndio mkondo unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika kuelekea Lualaba. Kandokando ya mito hii na vijito vyake, udongo hubaki na unyevu kwa chini hata Julai. Mizizi hujinyweshea yenyewe, na mtu akichimba kishimo kifupi tu anapata maji ya kumwagilia. Wakulima wa Iringa kusini mwa Tanzania wamelima hivyo tangu zamani katika mashamba madogo ya mabondeni wanayoyaita vinyungu, na mboga zao hulisha miji kiangazi chote.

Lakini bonde lina bei yake. Liko mbali, na safari ya kwenda na kurudi hula asubuhi nzima. Mboga iliyo mbali na macho huibwa. Kusimama kwenye maji yaliyotulia huleta kichocho. Ardhi ya bondeni mara nyingi ina mwenyewe, na mwanamke mjane au familia iliyorejea kutoka ukimbizini hulazimika kuikodi, kisha hunyang'anywa ikishaonekana ina faida. Mvua ya kwanza kubwa ya Oktoba huweza kufurika na kuondoka na mazao ambayo hayajavunwa. Tena bonde likilimwa hadi ukingoni mwa mto, kingo humomonyoka, na mwaka unaofuata hakuna bonde.

Jibu bora ni kugawana kazi. Bustani ya nyumbani, ndogo na ya karibu, ibebe mboga za majani zinazochumwa kila siku, viungo vya mchuzi na kitalu cha miche. Bondeni, kwa mwenye nafasi, kuende vitunguu, nyanya na kabichi za kuuza, na ukingo wa mto uachiwe ukanda wa matete usioguswa. Asiye na bonde asikate tamaa, kwa maana mita 8 za nyumbani zikiandaliwa sawasawa zina thamani kuliko robo hekta ya bondeni iliyotelekezwa.

Kazi ya udongo, Machi hadi Mei

Udongo wenye mboji hushika maji, na udongo mtupu huyaacha yapite. Kwa hiyo mboji ndiyo tangi la kwanza la maji, na tangi hilo hujengwa mvua ikingali inanyesha. Machi magugu huwa mengi na mabichi, mabua ya mahindi ya msimu A yapo, na unyevu wa kuozesha hugharamiwa na mawingu. Rundo la magugu mabichi, mabua yaliyokatwakatwa, samadi ya mbuzi na udongo kidogo, lenye urefu wa mita 1 na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu, huwa tayari baada ya miezi miwili hadi mitatu. Likianzishwa Machi, Mei limeiva. Likianzishwa Juni, litadai maji ambayo hayapo.

Hapa kuna desturi inayopaswa kuachwa: kukusanya mabaki ya shamba na kuyachoma ili kiwanja kionekane safi. Moto huteketeza kile kile ambacho kingeshika maji Agosti. Majivu yanayobaki yana faida yake kidogo, lakini naitrojeni karibu yote imekwenda na moshi. Kinachostahili kuchomwa ni mimea yenye ugonjwa peke yake.

Jambo la pili ni umbo la kitanda. Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yasituame kwenye mizizi, na mazoea hayo huendelea hata kiangazi. Tuta lililoinuliwa hukauka upesi kwa sababu upepo na jua hulipiga pande zote, na maji yanayomwagwa juu huteremka pembeni. Kitanda cha kiangazi kinatakiwa kuzama. Mtu huondoa udongo wa juu na kuuweka kando, huchimba kina cha jembe, hulegeza chini, huchanganya mboji ndoo mbili kwa kila mita, kisha hurudisha udongo wa juu ila akiacha uso wa kitanda uwe chini ya njia kwa upana wa kiganja. Udongo uliobaki hujengewa ukingo kuzunguka kitanda. Maji yakimwagwa hapo hayana pa kukimbilia, huzama palipo na mizizi. Kazi hii ifanywe Mei mapema, jembe lingali linaingia; Julai udongo wa mfinyanzi huwa mgumu kama tofali.

La tatu ni matandazo. Majani makavu, maganda ya karanga au nyasi zilizofyekwa kabla hazijatoa mbegu, zikitandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, huzuia jua lisiguse udongo. Yaachwe mbali kidogo na shina ili lisioze, na penye mchwa yapendelewe majani laini badala ya vijiti. Mahali pasipotandazwa, uso wa udongo ukatuliwe kwa jembe dogo ukishaanza kuganda. Wakulima wa Ufaransa husema kukatua mara moja ni sawa na kumwagilia mara mbili, na hawajakosea: udongo uliopasuka juu huvunja njia ambazo maji hupandia hewani.

Na upepo nao usisahauliwe. Kiangazi hapa upepo hutoka kusini-mashariki, mkavu, siku baada ya siku. Ukuta wa matete au mabua upande huo wa bustani huokoa maji bila kumchosha mtu.

Mbegu hupimwa kabla ya kuaminiwa

Kitunguu hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8, nyanya wiki 4 hadi 5, kabichi kama wiki 4. Anayetaka kupandikiza mwisho wa Mei lazima awe na mbegu za vitunguu mkononi Aprili mapema. Hapo ndipo misaada mingi huteleza. Kwa miaka mingi sasa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na mashirika mengine yamekuwa yakigawa mbegu za mboga na majembe kwa watu waliohamishwa na waliorejea katika jimbo hili, na ni jambo jema. Ila pakiti inayofika Juni au Julai, mvua imekwisha na vitalu havijaandaliwa, huishia kuliwa na panya. Anayepanga msaada wa kiangazi na ahesabu kurudi nyuma: mbegu ifike kijijini Machi.

Mbegu iliyokaa kwenye joto dukani au sokoni pia haiaminiki mpaka ipimwe. Kipimo hakigharimu kitu. Mtu huhesabu mbegu 20, huzipanga kwenye kitambaa kilicholowanishwa, hukikunja, hukiweka kwenye sahani iliyofunikwa ndani ya nyumba, na kila siku hukinyunyizia maji kidogo. Lengalenga hujionyesha baada ya siku chache tu. Kitunguu na pilipili huhitaji zaidi ya wiki. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni nzima. Zikiota 10, basi asie mara mbili ya kawaida. Zikiota 4, aachane nazo atafute nyingine, kwa sababu mbegu iliyokufa hula bidoni sawa na iliyo hai.

Iliyo bora ni ile uliyoihifadhi mwenyewe. Lengalenga, bamia, ngai-ngai, maboga na nyanya za kienyeji hutoa mbegu ambayo humrudishia mkulima mmea ule ule. Machi na Aprili ndio wakati wa kuchagua mimea mama, ile yenye majani mapana na iliyochelewa kutoa maua, kuifunga kitambaa isichumwe, na kuiacha ikomae. Mbegu zikaushwe kivulini, zitiwe kwenye chupa kavu pamoja na majivu kidogo, na chupa ifungwe vizuri na kuwekwa mahali pa baridi ndani ya nyumba. Mbegu chotara ya dukani haina sifa hiyo: huzaa vizuri mara moja, na watoto wake hutawanyika kila mmoja na sura yake.

Watu wa Niemba hawahitaji kuelezwa thamani ya mbegu. Wamepita katika machafuko mengi. Mapigano ya Watwa na Waluba, yaliyopamba moto hasa kati ya 2014 na 2017, yaliwahamisha mamia ya maelfu ya watu katika jimbo la Tanganyika. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, habebi chupa ya mbegu. Kwa hiyo mbegu zigawanywe kwa jirani na ndugu walio mbali wakati wa amani, ili zikipotea hapa zipatikane kule.

Kipi kipandwe, na lini

Mimea haina kiu sawa, wala kiangazi si kibaya kwa yote. Lengalenga ndilo la kwanza. Huvumilia joto, huchumwa baada ya wiki 3 hadi 4, na likikatwa juu huchipua tena. Siri yake ni kutolisia lote siku moja. Mita moja kila baada ya wiki mbili huipa nyumba mboga mfululizo; mita nane kwa pamoja huleta wingi wa wiki moja na ukame wa mwezi.

Kitunguu hupendelea kiangazi, kwa kuwa ukungu unaokisumbua wakati wa mvua hupungua, na hewa kavu hukikausha vizuri kwa ajili ya kuhifadhiwa. Kikipandikizwa mwisho wa Mei huvunwa Septemba. Nyanya nazo huepuka baka jani la wakati wa mvua, lakini hudai maji mengi, basi mashina sita au manane yanatosha nyumbani. Pilipili na biringanya zilizopandwa tangu wakati wa mvua huvuka kiangazi zikikatwa matawi ya zamani mwezi wa Mei na kutiwa mboji. Kabichi hupendwa sokoni, ila hulisha viwavi wengi na kunywa sana. Kwa mtoto wa nyumbani, sahani ya lengalenga ina vitamini na madini zaidi.

Viazi vitamu vinahitaji mpango wa pekee, maana hasara yake huonekana Oktoba. Matembele yakikauka kiangazi, mvua ikirudi hakuna mashina ya kupanda, na familia hupoteza wiki nyingi za msimu ikitafuta. Watafiti waliofanya kazi na wakulima wa Uganda na Tanzania walieneza njia rahisi. Baada ya mavuno, viazi vidogo visivyo na jeraha wala tundu la fukusi hupangwa kwenye beseni au shimo lililojengewa, ndani ya mchanga mkavu, tabaka juu ya tabaka, mahali pa baridi ndani ya nyumba. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, yaani Agosti, hupandwa kwenye kitanda kidogo na kumwagiliwa. Mvua ikija, mashina yapo. Njia hii ina faida kubwa zaidi kwa viazi lishe vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, ambavyo kazi ya kuviboresha na kuvieneza ilimpatia Mganda Robert Mwanga, pamoja na Maria Andrade na Jan Low, Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Kuna maandalizi mengine yasiyohitaji tone la maji: kukausha mboga. Wagogo wa Dodoma, wenye kiangazi kirefu kuliko chetu, hukausha mlenda wakala mwaka mzima. Majani ya kunde na maharage, bamia na matembele ya Aprili, yakichovywa kidogo kwenye maji ya moto na kuanikwa kivulini, hukaa miezi. Kivuli ni muhimu, kwa sababu jua kali huua vitamini A iliyokusudiwa kuhifadhiwa.

Mbuzi, moto na wadudu

Mavuno yakishaisha, mbuzi huachiwa, na bustani yenye kijani mwezi wa Julai huwaita kutoka mbali. Uzio wa miti mikavu huliwa na mchwa au huibwa kuwa kuni. Uzio hai wa mbono kaburi, ambao mbuzi hawali, hupandwa kwa vipande vya matawi mvua ikingalipo, vikashika mizizi kabla ya ukame. Vijiji vingine huenda mbali zaidi kwa kukubaliana mbele ya chifu kwamba mbuzi wafungwe hata kiangazi. Makubaliano hayo huokoa mboga, na huokoa ujirani pia.

Kuanzia Juni nyasi huchomwa kila upande, na moto wa mwindaji hauchagui. Kila bustani iliyo pembezoni ikatwe ukanda mtupu wa mita 3 au zaidi kabla ya mwisho wa Mei, nyasi zake zikatumike kuwa matandazo.

Wadudu nao hubadilika. Ukungu hupungua, lakini vidukari na utitiri mwekundu huongezeka, hasa kwenye mimea yenye kiu. Kunyunyizia maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, maji ya sabuni kidogo, au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha hutosha bustani ya nyumbani ikiwa mtu hukagua kila siku. Nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa, basi visifuatane kwenye kitanda kimoja.

Maji machafu si maji ya bure

Mahali ambapo maji ni haba, kishawishi ni kumwagilia kwa chochote kilicho kioevu. Maji ya kuoshea vyombo na kuogea yana kazi nzuri kwenye migomba na mipapai, na shimo la migomba karibu na bafu ni bustani inayojinywesha. Ila yasimwagwe kwenye majani yatakayoliwa. Kalemie na Uvira zimo katika maeneo ya Kongo ambako kipindupindu hurudi mwaka baada ya mwaka, na mboga iliyonyweshwa kwa maji ya kijito kilichochafuliwa hukibeba hadi sahanini. Maji yamwagwe chini, mizizini, yasinyunyiziwe juu. Mboga ioshwe kwa maji safi na kupikwa vizuri. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kikizikwa hadi shingoni katikati ya kitanda, kikajazwa na kufunikwa, hutoa maji polepole kwa chini, na majani hubaki makavu na safi. Wafinyanzi wapo, na chungu kilichopasuka mdomo kinafaa kabisa.

Wakati wa kumwagilia ni alfajiri au jioni. Mara moja kwa wingi hadi maji yazame ni bora kuliko kulowesha uso mara tatu, kwa sababu mzizi hufuata maji, na ukizoezwa kukaa juu huungua.

Mikono ya nani?

Bustani ya kiangazi ikishindikana, lawama humwendea mwanamke, ingawa yeye ndiye aliyebeba maji. Mpango wowote unaoongeza bidoni mbili kwa siku bila kusema nani atazibeba ni mpango wa kumchosha mama na kumchelewesha binti shuleni. Mume mwenye baiskeli hubeba bidoni nne kwa safari moja. Vijana wa kiume wana mabega. Swali hili lijibiwe nyumbani Aprili, kabla kitanda cha kwanza hakijachimbwa, na jibu lake ndilo litakaloamua idadi ya vitanda.

Linaloamuliwa nyumbani lina mwendelezo wake kijijini. Vilabu vya Dimitra, vilivyoanzishwa na FAO, vimewakutanisha Watwa na Waluba wa jimbo hili wazungumzie matatizo yao na kuyatatua wenyewe. Mtwa asiye na shamba anaweza kuwa na vitanda viwili mlangoni pake, na kisima kinachotunzwa na wote hakiulizi kabila. Mahali ambapo ardhi kubwa bado inaleta ugomvi, bustani ndogo ya nyumbani ni pa kuanzia pasipo na mgogoro.

Kwa ujumla, hakuna kinachoizuia Niemba kula mboga mbichi Julai. Joto lipo, mwanga upo, na maji yapo kwa kiasi cha vitanda vichache kila nyumba. Kinachokosekana ni kalenda. Viongozi wa mitaa, walimu, makanisa na mashirika yanayogawa mbegu wayasogeze maandalizi hadi Machi, na kila nyumba ianze na kile inachokimudu: rundo moja la mboji, kitambaa chenye mbegu 20, na vitanda viwili vilivyozama kabla Mei haijapita. Kiangazi kijacho kitakuja kwa wakati wake. Tusikisubiri mikono mitupu.